Chapati ya Kudondoshewa

Hata leo nikipita soko la Kibuye na mtu amewasha udi, natema mate. Harufu hiyo ilijaa nyumba ya tajiri wa Kihindi ambako mama yangu alikuwa akifua nguo. Siku moja mke wa tajiri, tuliyemwita Memsahib, alimaliza kusali, akaja mlangoni na chapati.

"Leta mikono, toto. Usiguse mimi. Nyinyi watu ya ziwa nanuka samaki."

Akaiinua juu, akaiachilia ili vidole vyetu visikutane. Nikarudisha mikono nyuma. Chapati ikaanguka chini.

Mama akaacha kufua. Kazi ile ndiyo iliyotulisha. Akaiokota chapati, akaipuliza mchanga, akaila yote mbele ya Memsahib.

"Asante, Memsahib. Huyu mtoto hana adabu."

Memsahib akacheka, akamdondoshea nyingine.