Kidonge Kisichopondwa

Terhi alikuwa muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee mjini Iisalmi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemshinda kwa kuwanywesha wazee dawa. Kisha akaajiriwa Ronja, msichana mwenye kicheko chepesi. Mzee Eevertti, ambaye vidonge vya Terhi alivitemea blanketini, sasa alifungua kinywa mwenyewe kila Ronja alipoingia.

"Wewe mikono yako baridi kama samaki," mzee alimwambia Terhi. "Niitie binti yangu Ronja."

Binti yangu! Neno lile lilimchoma. Wenzake walipomsifu Ronja wakati wa kahawa, Terhi alitafuna mkate wake, hata utamu wake asiusikie.

Asubuhi moja alipita jikoni akamwona Ronja akiponda vidonge vya mzee kwa mgongo wa kijiko na kuvichanganya na jamu. Kumbe ndiyo siri yake! Kati ya vidonge hivyo kilikuwamo cha moyo, kile kilichotengenezwa kiyeyuke polepole mchana kutwa. Ukikiponda, dawa ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo.

Terhi alilijua hilo vizuri, na bado moyo wake ulichekelea. Marketta, muuguzi mkuu, alikuwa njiani kuja. Acha amfume mwenyewe, mbele ya watu. Akaenda zake kukunja mashuka.

Lakini akiwa na shuka mkononi akakumbuka jinsi Eevertti alivyokuwa akipepesuka ukumbini wiki ile, na wao wauguzi wakasema ni uzee. Akalitupa shuka, akakimbia hadi chumbani kwa mzee.

"Ronja, acha! Usimpe!"

Nusu ya jamu ilikwisha kuliwa. Terhi alimshika mzee kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa mazito, ya kusuasua. Wakamlaza, wakampigia simu daktari, wakakaa naye huku wakimpima tena na tena mpaka mapigo yakaanza kurudi sawa.

Marketta alipofika, Ronja alimtangulia Terhi kusema.

"Ni mimi," Ronja alisema, macho mekundu. "Nimekuwa nikiviponda wiki nzima. Terhi ndiye aliyemwokoa."

Marketta alimkaripia Ronja, kisha akamsifu kwa kusema ukweli. Hata hapo sifa zikamwendea yeye!

Walipobaki wawili, Ronja aliuliza taratibu, "Dada, ulipita jikoni. Nilikuona. Mbona hukusema palepale?"

Terhi alitazama sakafu. "Nilikuwa nakuonea wivu. Nilitaka ufumaniwe."

"Wivu wa nini? Mimi kila siku nakuogopa, ndiyo maana sikuthubutu kukuuliza kuhusu vidonge."

Jioni ile Terhi alifungua kabati la dawa akamwonyesha kimoja kimoja: hiki kipondwe, hiki kamwe, kwa hiki mwombe daktari dawa ya maji. Ronja alisikiliza kwa makini.

Kutoka chumbani kwake mzee akaita, "Binti yangu yuko wapi?"

"Nenda, anakuita," Terhi alisema, na bado ilimuuma.