Filta ya Redio ya Baba

Baba yangu alipopata kiharusi, ulimi ulifunga kazi. Ukimwamkia anakutazama tu, kama vile wewe ndiye mgonjwa. Lakini jioni, kabla jua halijazama, kuna kipindi cha Kiswahili kinarushwa kutoka nje ya nchi, masafa mafupi, na mtangazaji wake huanza: "Shikamooni wazee wetu, popote mlipo." Hapo baba anafungua mdomo: "Marahaba."

Neno moja kwa siku nzima. Lakini lilikuwa neno! Mke wangu alikuwa anaacha ugali uungue ili alisikie.

Sisi tuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukishavuka Busisi kutoka Mwanza. Tunavua dagaa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri, na jirani yetu akafungua banda la kuchajia betri za mitumbwi, hatua chache kutoka dirisha la baba.

Siku alipowasha machaja yake, redio ilianza kukaanga. Siyo kukaanga samaki mmoja, ilikaanga ziwa zima pamoja na viboko wake. Kuku walihama mtaa. Mtangazaji nilimsikia kwa mbali, kama mtu aliyefukiwa kwenye gunia la pumba. Baba alisubiri salamu yake, mdomo umefunguka kidogo. Kipindi kikaisha. Akageukia ukutani.

Nikamtafutia kipindi kwenye simu ya mke wangu, nikamwekea sikioni. Akaisukuma kwa ule mkono mzima ikaangukia kwenye uji.

Nikaenda kwa fundi redio Butimba, kule Mwanza.

"Unahitaji filta," akasema.

"Nahitaji baba aongee."

"Hiyo siuzi, ndugu yangu. Mimi nauza filta."

Akanipa pete nyeusi nzito, kaing'oa kwenye waya wa kompyuta mbovu. Akasema waya wa umeme wa redio niuzungushe humo mara nyingi, ile kelele inayopita kwenye waya itabaki hapo. Na antena niiweke ndefu, niipeleke mbali na banda. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na ng'ombe, lakini kuzungusha waya nani hawezi? Nilizungusha mpaka ile pete ikanenepa kama kitumbua. Antena niliivuta mpaka kwenye mwembe wa jirani wa pili. Waya ungetosha, ningeifunga Uganda.

Jioni nikawasha. Jamani! Mtangazaji aliingia ndani, akavuta kiti, akakaa. Ukimsikiliza vizuri unasikia mpaka anavyomeza mate.

"Shikamooni wazee wetu."

"Marahaba," akasema baba.

Mke wangu akapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje na kifua mbele, nikatangaza mwalo mzima kwamba injinia amezaliwa. Watu wakaniletea redio zao. Mmoja akaleta pasi.

"Pasi nayo ina kelele?" nikamuuliza.

"Haina, lakini wewe si injinia?"

Basi raha ikaendelea jioni kadhaa, kisha kelele ikarudi yote, na wadogo zake. Nikaongeza mizunguko kwenye pete. Nikahamisha antena. Nikaipiga redio kofi. Mke wangu akanitazama, akasema taratibu, "Baba watoto, mbalamwezi imeisha."

Nikakaa chini. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, wavuvi tunalala nyumbani, na hakuna betri ya kuchaji. Banda lilikuwa limezimwa! Na mimi mvuvi wa dagaa tangu sijaota ndevu. Nafasi yenyewe ya kwenda Butimba niliipata kwa sababu ya mbalamwezi hiyohiyo.

Nikarudi kwa fundi. Safari hii hakutania.

"Filta inazuia kelele ya kwenye waya. Hiyo yako inapita hewani, inaingia kwenye antena njia moja na sauti. Nikikufungia ya kuichuja yote, nitamchuja na mtangazaji."

Nikaenda kwa mwenye banda, nikamwomba azime wakati wa kipindi tu.

"Kaka, saa hiyo ndiyo mnazigombania betri. Nizime, mkavue na viberiti? Na wewe yako nisichaji?"

Yangu ilikuwa pale mbele, imepangwa ya kwanza.

Jioni hiyo redio ilikaanga kama kawaida. Baba akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe. Haijawahi kutokea. Nikapiga magoti karibu na kitanda, nikakohoa ili sauti iwe nzito kama ya mtangazaji, nikasema, "Shikamooni wazee wetu, popote mlipo." Nikamtungia na habari za dunia: sangara amekamatwa Mwanza, tumboni kakutwa na pikipiki, inawaka.

Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza. Kisha akageukia ukutani.

Nje wenzangu wakaanza kuniita, mtumbwi unaondoka. Nikamfunika shuka, nikaenda bandani kuchukua betri. Ilikuwa imejaa chaji.