Giaboksi ya Mzee Klachi

Siku Mzee Klachi alipoishusha giaboksi ya pikapu, mkewe alikuwa na siku tisini na nne kaburini. Hesabu hiyo hakuiweka yeye. Iliwekwa na shemeji yake, kaka wa marehemu, aliyekuja asubuhi hiyo kusaidia kubeba, na ambaye Mungu alimjalia mambo mengi isipokuwa kunyamaza.

"Siku tisini na nne, shemeji, na gari limekaa hapo uani halijageuka hata tairi. Uza chuma chakavu, binti yako apumue."

"Shika huko nyuma," alisema Mzee Klachi kutoka chini ya gari. "Ikianza kuinama usiiachie."

"Nimeshika. Uzito wote huu, na ndani hamna hata klachi ya kukanyaga?"

Maneno hayo yangetoka siku nyingine yangemchekesha Mzee Klachi, maana ni yake mwenyewe. Alitengeneza malori miaka thelathini na moja katika karakana ya idara ya barabara, na kwake gari lisilo na pedali ya klachi halikuwa gari. Mkewe aliponunua pikapu ya dizeli ya otomatiki ya kubebea chakula cha kuku cha dukani kwake, kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa limechoka kukanyaga, mumewe aliiita friji. "Friji lako limewaka leo?" angemuuliza asubuhi. Naye mkewe, huku akifunga kitenge kiunoni, angejibu: "Friji langu linabeba magunia thelathini. Lori lako wewe liko wapi?" Lori lake halikuwapo. Alikuwa amestaafu, na malori yalikuwa ya serikali.

Sasa aliyakumbuka maneno hayo bila kucheka wala kulia, kama mtu anavyokumbuka namba ya simu. Tangu msiba alikuwa amekufa ganzi. Akiwekewa chakula alikula, akiambiwa pole alisema ahsante, usiku alilala akaamka. Watu walimsifu kwa kupiga moyo konde. Hapakuwa na konde lolote. Aliupapasa moyo wake na hakukuta kitu.

Waliishusha giaboksi juu ya tairi kuukuu, wakaiburuta hadi mlangoni, wakaiinua kwa pumzi moja na kuiweka juu ya meza ya chakula, ambako Mzee Klachi alikuwa ametandika shuka la zamani na juu yake maboksi yaliyokunjuliwa. Chumba kingine chenye mwanga wa kutosha hakikuwapo. Binti yake alitoka chumbani, akaitazama meza, akamtazama baba yake, akachukua kikombe chake cha chai na kwenda kukinywea jikoni akiwa amesimama.

Binti huyo ndiye aliyekuwa amempakata mama yake kichwa asubuhi ile ya kifo. Mama alibanwa na kifua alfajiri, wakampakia kwenye pikapu, baba akashika usukani. Walipofika kwenye kilima kabla ya hospitali, injini iliunguruma na magurudumu yakagoma. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ililia kama kawaida, na gari likaanza kurudi nyuma polepole. Alishuka akaweka jiwe nyuma ya tairi. Walikaa hapo dakika arobaini kabla gari lingine halijasimama. Daktari, ambaye hakuwa na nia mbaya, alisema: "Mngewahi kidogo." Baba alisikia, binti akasikia.

Wiki tano kabla ya siku hiyo, Fundi Kobe alikuwa ameibadilishia giaboksi ile oili na filta. Kobe alijifunzia kazi karakana ya barabara, mikononi mwa Mzee Klachi mwenyewe, kisha akaenda kusomea magari ya otomatiki na kufungua gereji yake. Jina alipewa kwa sababu ya mwendo wake: bolti ambayo wengine huifunga kwa dakika moja, yeye aliifuta, akaitazama, akaipulizia, ndipo akaifunga. Basi watu walipouliza msibani gari lilikuwaje, Mzee Klachi alijibu kwa sentensi moja tu: "Wa mwisho kuigusa ni Kobe."

Hakuongeza chumvi. Lakini neno la Mzee Klachi juu ya magari lilikuwa zito. Siku ya tatu ya msiba Kobe alikuja kutoa pole, na binti alimkuta mlangoni kabla hajavua viatu. "Nenda," alimwambia mbele ya watu. "Mama yangu amekufa barabarani kwa kazi ya mikono yako." Kobe aliinamisha kichwa akaondoka. Tangu hapo gereji yake, iliyozoea kujaa magari mpaka nje ya geti, ilibaki na magari matatu, kisha moja.

Ndiyo maana Mzee Klachi alikuwa anaifungua. Shemeji alidhani ni majonzi, binti alidhani ni ukaidi. Yeye alitaka kulikuta kosa la Kobe kwa macho yake: filta iliyolegea, sili ya mpira iliyochanika, oili isiyo yake. Alishalitamka kosa hilo kabla ya kuliona, na mtu wa karakana hafanyi hivyo.

Alianza na sufuria ya oili iliyo chini yake. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka mkate ulioungua. Alifungua filta taratibu, akaiweka dirishani kwenye mwanga. Ilikuwa mpya, imekaa mahali pake, sili yake nzima, bolti zimefungwa kwa mkazo uleule zote tatu. Aliipima tena mikazo ile kwa kukumbuka mkono wake ulivyohisi alipozifungua. Kazi safi. Ingekuwa ni mtihani wa karakana angempa alama zote.

"Umepata?" aliuliza shemeji.

"Bado."

Aliendelea. Vile vigololi vidogo vya njia za oili alivipanga kwenye trei ya mayai, kila kimoja na shimo lake na namba yake, kwa sababu kimoja kikienda njia isiyo yake gari litarudi nyuma ukitaka liende mbele. Siku ya tatu alifikia pleti za klachi, maana klachi zimo, tena nyingi, zimefichwa ndani zikikanyagwa na nguvu ya oili badala ya mguu wa mtu. Zilizokuwa za kuendea mbele zilikuwa zimekwisha. Kitambaa chake chote kilikuwa kimeungua kikabaki chuma, cheusi, cha bluu ukingoni. Ziliteleza kwa muda mrefu kabla ya kufa, hilo alilijua mara moja. Ziliteleza kwa kukosa nguvu ya oili. Lakini pampu ilikuwa nzima na njia zote zilikuwa wazi. Nguvu hiyo ilipotelea wapi, hakuona.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake aliagiza pleti mpya na sili zote, akaanza kuijenga, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na hakuwa na kitu kingine cha kuipa. Binti aliona meza haiondoki, akaanza kuja. Kwanza alisimama mlangoni. Kisha akavuta kiti. Kitabu cha gari hilo kilikuwa kurasa zaidi ya mia mbili zilizonakiliwa, kwa lugha ambayo baba yake aliisoma kwa kuungaunga, basi binti akawa anasoma na kumtafsiria.

"Pleti mpya zilowekwe kwenye oili kwanza."

"Zimelala humo toka jana."

"Ukishafunga, pima nafasi iliyobaki kati yake."

"Nimepima, mwanangu. Soma mbele."

Siku zile walizungumza kuliko walivyowahi kuzungumza mama akiwa hai, ingawa ilikuwa juu ya milimita tu. Mara moja binti alicheka, pale baba yake alipopuliza upepo wa pampu kwenye tundu, pistoni ikaruka ndani na kulia *ta!*, na mzee akaruka nayo. Baba alimwona akicheka. Alijua kwamba hilo ni jambo zuri. Alilijua tu, bila kulihisi.

Kitabu kilipofika mahali pa kujaza na kupima oili, Mzee Klachi aliinua kiganja kumzuia. "Hapo ruka. Kupima oili nimefundisha vijana hamsini."

Shemeji alirudi Ijumaa wakaipandisha. Bakuli kubwa la oili linalounganisha injini na giaboksi Mzee Klachi alikuwa amelizungusha kwanza mpaka likaingia mahali pake kwa hatua tatu, kama kitabu kilivyosema, na asubuhi ya Jumamosi akajaza oili mpya, akawasha, akapitisha gia zote huku tairi ziko hewani. Zilizunguka. Shemeji alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakatoka. Mzee Klachi alizima gari, akasema ahsante, akaenda kunywa chai.

Aliporudi injini ilikuwa imepoa. Alifanya alichofanya kila Jumamosi ya maisha yake: gari limezimwa, limesimama tambarare, kijiti cha oili ya giaboksi nje, kufuta, kurudisha, kuchomoa tena. Katika karakana ya barabara, ukipima oili ya lori injini ikiwa inaunguruma, unarudishwa nyumbani. Kijiti kilionyesha oili imepita alama kwa vidole viwili. Alichukua mpira mwembamba na bomba la kunyonyea, akauteremsha mpira kwenye tundu la kijiti ili aipunguze.

"Baba, kitabu kimesema upime ikiwa inaunguruma," alisema binti kutoka ngazini, kurasa zikiwa mapajani. Ukurasa uliorukwa alikuwa ameurudia mwenyewe, kwa kukosa kingine cha kusoma. "Oili ikiwa moto. Ukizima, oili ya lile bakuli inarudi chini, kijiti kinadanganya kwamba imezidi. Wameandika kwa herufi nene." Simu ya dukani ikalia ndani, akainuka kwenda kuipokea.

Mzee Klachi alibaki ameshika mpira. Mkono wake ulikuwa unaijua kazi hiyo, ulishawahi kuifanya kwenye tundu hilihili. Jumamosi ya kwanza baada ya Kobe kurudisha gari, alichomoa kijiti, akakuta oili imezidi, akacheka: "Kobe siku hizi anajaza kama anajaza ndoo." Akainyonya. Jumamosi iliyofuata akainyonya tena. Lita moja na nusu kwa jumla, ndani ya chupa ya maji, na alijiona ameliokoa gari la mkewe.

Aliwasha injini. Akasubiri ipate moto, akapitisha gia, akachomoa kijiti. Oili ilikuwa kwenye alama, haikuzidi hata unywele. Aliipima mara nne. Kisha akafunga boneti na kuondoka na gari bila kuaga, na gari likapanda kilima kile bila kusita, gia zikibadilika laini kiasi kwamba hakuzisikia.

Fundi Kobe alikuwa peke yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasafisha nozeli ya kupulizia dizeli ambayo ilikuwa safi tayari. Alipoiona pikapu alisimama.

"Inatembea," alisema. "Umeijenga mwenyewe, bosi?"

"Kobe. Oili niliipunguza mimi. Baada yako. Nilipima injini imezimwa."

Kobe aliiweka nozeli juu ya benchi. "Najua, mzee."

"Unajuaje?"

"Si mimi niliyeitwa kuivuta? Niliiwasha palepale kilimani, nikapima. Kijiti kilitoka kikavu. Na mimi nilijaza kwa mkono wangu, tena nikaandika lita."

"Sasa mbona hukusema? Miezi yote hii?"

"Ningesemaje?" Kobe alitazama uwanja wake mtupu. "Mtu amefiwa na mke, nimwendee nimwambie kwamba aliyefanya ni wewe? Nilisema itapita. Haikupita, lakini nilikuwa nimeshanyamaza."

Mzee Klachi alifungua mlango wa upande wa abiria. "Panda," alisema. "Twende nyumbani. Ukanisikie nikisema."

Njiani Kobe alimwambia hakuna haja, binti atavunjika. Mzee Klachi angeweza kugeuza. Binti alikuwa amepata mtu wa kumlaumu, na Kobe alishazoea lawama. Wote wangeishi hivyo, na yeye angekuwa na mtoto wa kumsomea kitabu mezani. Aliliona hilo waziwazi, na akaendelea kuendesha.

Binti alitoka aliposikia gari. Alianza kutabasamu, kisha akamwona Kobe akishuka, uso ukakunjamana.

"Huyu amefuata nini hapa?"

"Hana kosa," alisema baba yake. Alishuka akasimama mbele ya gari, na aliyasema yote pale, kwa mpangilio, kama anavyotoa ripoti ya karakana: Jumamosi ya kwanza, Jumamosi ya pili, mpira, chupa, lita moja na nusu. "Wa mwisho kuigusa nilikuwa mimi. Gari la mama yako nililiua mimi."

Binti alikuwa bado ameshika kurasa za kitabu. Akashuka ngazi, akampita baba yake kama anavyopita nguzo, akasimama mbele ya Fundi Kobe.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nilikufukuza na ulikuja kunipa pole. Karibu ndani."

Kobe alimtazama mzee, akasitasita, akavua viatu, akaingia. Binti aliingia nyuma yake na mlango ukafungwa.

Mzee Klachi alibaki uani peke yake. Ilimuuma. Ilianzia kifuani, na kwanza alidhani naye anaugua, mpaka alipojisikia analia. Alikaa kwenye ngazi akamlilia mkewe kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakichungulia. Ndani alisikia maji yakimiminwa, kiti kikivutwa, na binti yake akimuuliza Kobe kama anaweka sukari.