Lebo Niliyoiandika kwa Kutamani

Mwanangu, iko siku moja ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Kikula, wa kwanza nyumbani kwetu kufika masomo ya uzamili, nikijifunza kutambua mimea na kuipanga kwa jamii zake, kama hivi unavyokwenda kujifunza wewe. Nilikusanya mimea ya sehemu mbili: kwenye mawe ya chokaa ya Kakontwe, na kwenye kilima kimoja chenye shaba, ambako ni mimea michache tu inayovumilia udongo ule. Kila mmea niliubana ndani ya gazeti, nikaandika juu yake mahali nilipouchuma.

Mvua ikanikuta njiani. Magazeti yalilowa, wino ukasambaa. Nilipofika nyumbani nilianika kila kitu, nikaandika lebo upya kwa kukumbuka. Nyingi nilikuwa na hakika nazo. Lakini mmea mmoja, wenye maua madogo ya zambarau, sikujua tena niliuchuma wapi. Nikaandika kilima cha shaba, kwa sababu ndiko nilikotamani uwe umetoka. Nilijiambia ni maneno machache tu.

Profesa wangu akaulinganisha na mimea yote iliyokaushwa iliyomo makabatini mwa chuo, asipate wa kufanana nao. Akaanza kusema huenda ni spishi ambayo haijapewa jina, inayoota penye shaba peke yake, na akanitaka niandike sura nzima ya tasnifu yangu juu yake. Mama yangu akatangaza sokoni kwamba binti yake amegundua ua. Mimi niliogopa. Kila mlango wa profesa ulipofunguka, nilidhani ananiita aniulize tena mahali penyewe.

Aliyeniuliza hakuwa yeye. Alikuwa Papa Kalenga, mzee aliyetunza makabati yale ya mimea iliyokaushwa tangu sijazaliwa. Asubuhi moja aliniita mezani kwake, akaweka kidole kwenye mizizi ya mmea wangu.

"Mama, hii mizizi iko na vumbi ya mweupe," alisema taratibu. "Uliitosha kule kwenye shaba kweli?"

Vumbi lile lilifanana na chokaa ya Kakontwe; hata hivyo nilitaka kusema ndiyo, niliuchuma kilimani. Nikashindwa. Nikamwambia kuhusu mvua, na kwamba sikumbuki.

Hakufoka. Alisema, "Kama haujue, andika kama haujue. Hii karatasi itabakia wakati minye na weye tulishakufa. Muntu atakuya kuisoma, na hataweza tena kukuuliza."

Nilikwenda kwa profesa siku hiyo hiyo, nikamweleza ukweli. Alinisikiliza, akavua miwani. Kisha akasema sura ile iondoke, na nirudi nikatafute upya. Nilipoteza mwaka mzima. Kilimani nilizunguka majuma mawili, sikuona ua hata moja. Kakontwe nilikuta sehemu niliyochumia imeshakatwa, mawe yamekwenda kiwandani. Vumbi lile lingeweza kutoka kwenye mimea mingine iliyolowa pamoja nao, na hadi leo hakuna anayejua ule mmea ulitoka wapi, wala kama umebaki mwingine duniani. Mama alipoona nimerudia mwaka, hakulitaja tena lile ua, na mimi sikuthubutu kumweleza.

Ndiyo maana, mwanangu, nikikuona unafunga begi kwenda chuoni, roho yangu haitulii. Andika mahali pale pale uliposimama, kabla hujainuka. Usingoje ufike nyumbani, maana kichwa hujaza kinachokipendeza. Ukisahau, kiri umesahau, hata kama profesa anasubiri na wenzako wamekwisha kukupongeza. Aibu yangu ilidumu mwaka mmoja. Uongo wa lebo ile ungedanganya watu nisiowajua, baada yangu, bila mwisho.

Nenda, mama, binti yangu. Mungu akupe macho ya kuona vizuri, na mkono usioandika zaidi ya kile macho yalichokiona. Akulinde huko vilimani, akurudishe kwetu salama.