Mji Uliopangwa kwa Mawe

Antioca Puddu alizaliwa na kichwa kigumu, na afadhali, maana kwao mtoto wa kike hakupewa kingine cha maana. Huko kisiwani Sardinia, Italia, wana wa kiume walirithi vilima vyenye malisho na mizabibu; mabinti walitupiwa pwani. Pwani yenyewe mchanga, chumvi, na mbu wa malaria walioua watu mpaka mapadri wakachoka kuzika. Nani aitake?

Yeye aliipenda. Kila msimu wa baridi alipotumwa kushusha mbuzi hadi ghuba ya Cala Murta, alipanga mawe mchangani: hapa mtaa, hapa soko, hapa nyumba fupi zisizopita vichwa vya miti, kila moja ikiiona bahari. Kaka yake Bachisio alikuja kuyapiga teke.

"Mji wa mbu huo! Na meya wao nani, chura?"

Baba yao alipofariki, Bachisio alichukua kilima, mizabibu na nyumba. Kisha akacheka mbele ya ukoo mzima: "Dada mpeni mchanga wake. Na kisima cha huko nacho, asije akafa kiu yeye na vyura wake." Ukoo ukaangua kicheko. Antioca ilimuuma, ilimuuma hasa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilipuliza dawa, mbu wakaisha. Wageni wakaanza kuja na boti zao, macho yamewatoka. Na hapo ndugu yetu Bachisio akawa mtu wa maono, ebo! Alinunua mchanga wa shangazi huyu na binamu yule, akavaa suti, akawa anawasimulia matajiri wa Milano habari za mji wake: mitaa, soko, nyumba fupi zisizopita miti. Neno kwa neno! Magazeti yakamsifu kwa jicho la kuona mbali. Antioca alisomewa gazeti hilo dukani, akatoka bila hata kuchukua mkate aliokuja kununua.

Kikabaki kisima cha Cala Murta. Pwani nzima haikuwa na maji mengine ya kunywa. Bila kisima hakuna mji. Bachisio alipandisha bei, akapandisha tena. Dada mtu akakataa.

"Unataka nini, we mwanamke?" alimfokea mlangoni. "Nikupigie magoti?"

"Nataka useme. Jumapili baada ya misa, mbele ya watu na hao Wamilano wako, useme mji huu nani aliuwaza. Ukisema, kisima chukua, kwa bei yoyote."

"Unataka kuniaibisha."

"Kusema kweli ndiyo aibu? Basi wabebe maji kutoka Milano."

Jumapili hiyo uwanja wa kanisa ulifurika. Kwao mapatano ya ardhi hufungwa kwa mkono: wawili hushikana, na mtu wa tatu huikata mikono yao kwa kiganja. Ikishakatwa, imekatwa, atakayegeuka hatapata hata wa kumuuzia jibini. Kaka na dada wakashikana. Mzee Remundu, mkataji wa kijiji, akainua kiganja juu.

"Haya, mwanangu, sema."

Mkono wa Bachisio ulikuwa umelowa jasho. Bwana Brambati, mkubwa wa wale matajiri, alivua kofia ili asikie vizuri.

"Mji huu," Bachisio alisema, sauti imemkauka, "sikuuwaza mimi. Aliuwaza dada yangu tukiwa watoto, akichunga mbuzi. Mimi nilikuwa nikimcheka."

Brambati akaanza kupiga makofi. "Mnamwona? Mtu mkubwa, na bado mnyenyekevu! Sifa zote anampa dada yake!" Wamilano wakacheka, wakapiga makofi. Wanakijiji, wasitake kuonekana washamba, nao wakapiga.

Antioca alimkazia macho kaka yake. Neno moja tu lingetosha: sitanii. Alimngoja alitamke. Badala yake alihisi mkono ule ukilegea ndani ya wake, na Bachisio akainamisha kichwa kuyapokea makofi, huku akitabasamu.

"Kata, mzee," alinong'ona. "Nimeshasema."

Kiganja cha Remundu kilishuka, kikapita hewani. Antioca alikuwa ameutoa mkono wake.

Uwanja mzima ukaguna. Bachisio akamkamata mkono. "Dada!"

"Niache!" Akamgeukia Brambati. "Bwana, kisima ni changu na ghuba ni yangu. Ukitaka mji, njoo kwangu nikuonyeshe mitaa yake. Na uje peke yako."

Akaondoka. Nyuma alimsikia Bachisio akijieleza haraka haraka, akijichekesha, eti wanawake wa huku ndivyo walivyo. Alikuwa karibu na kona aliposikia viatu vya mjini vikija mbio juu ya mawe.

"Samahani, mama," alisema Brambati akihema, kofia bado mkononi. "Soko umeliweka wapi?"

Antioca alisimama. "Upande wa kisimani," alisema, na machozi yakamtoka.