Taa Iliyokataa Kugeuka Kijani

Nikikasirika siwezi kuketi, na asubuhi ile sikuketi hata kidogo. Nilizunguka ukumbini kati ya meza, nikichungulia skrini moja baada ya nyingine, na kila skrini ilinijibu vilevile: asilimia tatu. Kompyuta zilikuwa mpya, bado zinanuka plastiki ya maboksi, na ndani yake hamkuwa na chochote. Mimi, fundi wa kompyuta wa chuo kile kidogo cha Kawangware, ndiye niliyetakiwa kuzijaza. Si kazi ya miujiza. Unaitayarisha kompyuta moja vizuri, unaiwekea kila programu watakayoihitaji wanafunzi, kisha unachukua nakala yake nzima na kuisambaza kwa zote zilizobaki kupitia waya wa mtandao. Ukienda kunywa chai, unarudi unazikuta zimekaribia kuiva. Mimi nilikuwa nimekunywa chai nikarudi, nikanywa nyingine kwa hasira.

Alasiri wazazi na wanafunzi wangekuja kuona ukumbi ukifunguliwa. Lakini si wao walioninyima raha. Aliyeninyima raha ni baba yangu. Yeye ndiye aliyevuta nyaya zote za ukumbi ule, na mwenye chuo, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa amemwahidi kwamba ukumbi ukifunguka bila aibu, nyaya za tawi jipya la Kambi Muru atazivuta yeye. Baba amekuwa fundi wa stima Soweto West tangu nijue kusema. Ametulea kwa kupanda juu ya mabati ya watu kuwavutia nyaya. Mwaka jana aliteleza akaanguka, goti halijarudi sawasawa mpaka leo, na bado alikuwa akipanda. Nilitaka ashuke kwenye yale mabati, afanye kazi chini ya paa. Nilitaka hivyo mpaka usingizi ukawa haunijii.

Siku hiyo alifika mapema, amevaa koti alilolichagua soko la mitumba la Toi, akaketi nyuma kabisa na mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Mama, mbona unatembea hivyo? Utatoboa sakafu."

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Kwetu magharibi mtoto akirithi jina la nyanya yake, hurithi na heshima yake, hata akiwa bado ananyonya.

"Hizi mashini zinatambaa, baba."

"Labda zimechoka na safari."

Nilicheka, lakini kwa shida. Nilizizima zote nikaacha moja tu. Ikaenda vizuri kiasi. Nilipowasha ya pili, zikagawana mwendo uleule. Nilipoongeza ya tatu, kila moja ikapata kidogo zaidi. Basi ubovu haukuwa wa kompyuta. Zote zilikuwa zinachota kwenye mfereji mmoja, na mfereji wenyewe ulikuwa unadondoka.

Pale ukumbini kuna kisanduku kinachoitwa swichi, ambapo nyaya zote hukutana, na kila waya una taa yake. Taa ikiwa ya kijani, waya unakwenda kasi yake yote. Ikiwa ya machungwa, unajikokota. Taa za meza zote zilikuwa kijani. Moja tu ilikuwa ya machungwa, na ilikuwa ya waya ule unaotoka ofisini, kwenye kompyuta kuu yenye ile nakala. Niliuchomoa waya nikauchomeka tundu jingine. Machungwa. Nikabadilisha kile kipande kifupi kinachotoka ukutani hadi kwenye swichi. Machungwa. Nikaitukana taa ile kwa sauti ya chini ili baba asisikie. Kompyuta kuu yenyewe nisingeweza kuileta ukumbini, maana Madam alikuwa ameifungia ofisini ndani ya kizimba cha chuma kilichochomelewa pande zote kwa hofu ya wezi.

Madam akaingia, simu mkononi.

"Hii kitu imekwama wapi? Kama huyo jamaa ametuuzia mashini feki niambie tu, nimpigie saa hii."

"Si mashini, Madam."

"Sasa ni nini?"

"Si unipe nafasi nitafute!"

Nilimfokea mwajiri wangu mbele ya baba. Baba akakohoa, akatazama viatu vyake. Nikatoka kwenda ofisini kabla sijaongeza la pili.

Kwenye ukuta wa ofisi kulikuwa na matundu mawili. Moja lilikuwa la ukumbi. La pili lilikuwa la chumba changu, kijichumba chenye meza moja mwisho wa ukumbi. Wakati baba anavuta nyaya, Madam alikuwa amesema waya hautoshi kufika kwangu, nitumie intaneti ya simu yangu. Kesho yake nilikuta tundu limewekwa juu ya meza yangu, na linafanya kazi. Nilijua baba amepata kipande cha waya mahali. Nilijivunia laini ile kuliko mshahara.

Nilifungua skrubu, nikavuta kifuniko. Nyuma ya matundu yale mawili kulikuwa na waya mmoja tu.

Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani yake. Nne zilikwenda tundu la ukumbi, nne zikaenda la chumba changu, na kila fungu lilifungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Niliujua mkono ule papo hapo. Nyumbani kwetu kila kiungo cha stima kimefungwa hivyo. Nyuzi nne zinatosha kusoma barua pepe na kufungua tovuti, ndiyo maana sikuwa nimeshuku kitu. Hazitoshi kubeba kompyuta nzima kwenda kwa ukumbi mzima.

Na nilielewa alivyowaza. Kwetu Soweto West laini haiishii nyumba moja. Ukiwa na stima na jirani hana, unamgawia, na anayekataa kugawia anasemwa na wapangaji wa ploti nzima.

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, nimeharibu?"

Nikamwonyesha kile kipande cha tyubu.

"Ni nyuzi nane, na nne zimekaa tu. Nikajaribu, zote zikashika. Nikaona haiwezekani watu wote wawe na laini, halafu wewe ndiye fundi ukose."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa mabega, vyote kwa wakati mmoja. Sikufanya hata kimoja. Nilizichomoa nyuzi za chumba changu, nikakimbia ukumbini kufanya vivyo hivyo upande wa pili, nikarudisha zote nane kwenye tundu la ukumbi. Nilipochomeka kwenye swichi, taa ikapepesa, ikatulia. Kijani. Skrini zikaanza kukimbia asilimia kumi, kumi na tano.

"Haya," Madam akasema nyuma yangu. "Ilikuwa nini?"

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. "Kichwa cha waya kilikuwa kime..."

"Ni mimi," baba akasema.

Akaeleza yote, hata ile tyubu. Madam akazitazama skrini, kisha akamtazama baba.

"Kambi Muru utafanya," akasema mwishowe. "Lakini kila boksi ya nyaya, msichana wako aicheki kwanza kabla ukuta haujafungwa."

Moto ulinipanda. Mtu amezeeka kwenye mabati ya watu, leo akaguliwe na mtoto aliyemzaa? Niligeuka nijibu, na baba akanishika kiwiko.

"Ni sawa tu, Madam," akasema, na alikuwa anacheka kweli. "Mamangu alikuwa ananikagua miguu kila jioni kabla sijapanda kitandani. Wacha aendelee."

Madam hakuelewa. Mimi nilielewa, nikainamia swichi upesi, nikaitazama ile taa muda mrefu ingawa haikuwa na shida tena.