Shangazi na Kesi Iliyopigwa Kalenda

Neno hilo la kupigwa kalenda tulilijulia mahakamani, enzi za Mwingereza. Shangazi yangu alikuwa anadai talaka. Mumewe alihamia Buguruni kwa mke mwingine, mwaka wa tatu ule, hamlishi wala hamwachi. Kwa kuwa mie nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, alinitaka nimsindikize. Tukatoka Mtoni kwa miguu alfajiri.

Tulikaa barazani hadi adhuhuri. Karani akatoka, soksi kazivuta mpaka magotini, kalamu sikioni. "Kesi yenu imepigwa kalenda."

"Nani kaipiga?" shangazi akauliza. "Na imekosa nini?"

Karani hakucheka. Makarani wa siku zile walicheka mbele ya Wazungu tu. Akaeleza kwamba imeahirishwa hadi mwezi ujao, shahidi wa mume kasafiri.

Mwezi uliofuata mume alikuwa mgonjwa, ingawa tulimpita njiani akitafuna muhogo wa kuchoma. Halafu jalada halikuonekana. Halafu hakimu akapata mafua. Nikaanza kuamini kuwa serikali nzima imesimama juu ya neno lile: kisima chetu kalenda, shule ya wasichana kalenda. Lakini Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipotaka njia ya gari lake, migomba yetu iling'olewa siku hiyo hiyo.

Safari ya tano shangazi alibeba mkeka, jiko la mkaa, mchele na papa mkavu. Karani alipotangaza kalenda nyingine, bila hata kutaja sababu, shangazi alitandika mkeka mlangoni pa hakimu, akawasha jiko.

"Mama, ondoka hapa!"

"Naondoka, baba. Ila safari yangu nimeipiga kalenda hadi mwezi ujao."

Harufu ya papa ikaingia ofisini. Hakimu akatoka, leso puani, akamwita mume aliyekuwa amekaa kivulini na kanzu mpya.

"Unamtaka mkeo?"

"Bado natafakari, Bwana Hakimu."

"Miaka mitatu?"

Talaka iliandikwa kabla wali haujaiva.

Njiani nilicheka peke yangu. Tulipokaribia Mtoni shangazi akaketi kando ya barabara, akalia.

"Kumbe ilikuwa kazi ya nusu saa tu," akasema.

Nilimpokea jiko, likiwa bado na joto, nikamngoja anyanyuke.